Nilivyokwenda Toronto Kuliondoa Neno "Bima"

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye stendi ya Korogwe au kwenye foleni ya mashine ya kusaga ananiuliza jambo lile lile: "Katibu, hebu tuambie, ilikuwaje huko?" Najibu, "Kulikuwa na baridi," kisha maneno yananikwama. Mnanijua. Basi nimeandika. Imenichukua majuma sita, maana mimi naandika sentensi moja, naisoma, nafuta nusu yake. Habari za pasipoti na mihuri nimeziacha. Anayezitaka amuulize Mwalimu Desideri, ndiye aliyezihangaikia.

Kwa wale wa mbali ambao karatasi hizi zitawafikia, nieleze kidogo. Sisi ni watu wa mkonge. Baba zetu waliletwa mashambani kutoka Kigoma, Songea, hata Msumbiji. Mtu alikuwa akifa hapa hana ndugu wa kumzika, na ndiyo maana tukawa na chama cha kuzikana. Mimi ni katibu wake. Nilichaguliwa kwa kuwa nilimaliza darasa la saba, na kwa kuwa anayeandika kikaoni halazimiki kusema.

Mwalimu Desideri alisoma Kanada, akafundishwa na Profesa Rivka, mama wa Kiyahudi. Maisha yake yote mama huyu amechunguza jambo moja: watu wachache walioko ugenini wanapataje sauti mbele ya wakubwa. Alianza na Wayahudi wenzake wa Toronto, waliotoka miji midogo ya Polandi wakaunda vyama vya kuzikana kwa majina ya miji yao. Aliona kwamba vyama vilivyodumu ni vile vilivyokataa kumilikiwa na wanasiasa, vikabadilisha viongozi, vikaandika kila neno la kikao. Mwalimu alirudi na mafundisho hayo wakati vyama vingi vya siasa vilipoingia, na kila upande ulitaka bendera yake ipepee mbele ya jeneza letu. Tuliandika sheria ya mstari mmoja: "Kaburini hakuna bendera." Uchaguzi ukaja, ndugu wakanuniana, wengine wakaachana kwa siasa. Chama chetu hakikupasuka. Kwa hiyo mama yule tulikuwa tunamheshimu kabla hatujamwona.

Kisha akaandika kitabu chake cha mwisho kabla ya kustaafu, na sura moja ikawa yetu. Mwalimu alitusomea kwa Kiswahili ndani ya ghala la singa, nyuzi za mkonge. Watu walitulia, wakitikisa vichwa kwa furaha kusikia majina ya kambi zao, mpaka alipofika mahali palipoandikwa kwamba chama chetu ni "bima ya mazishi."

Mzee Komba, mwenyekiti wetu, alisimama. "Bima? Nani ameuza bima hapa?"

"Ni neno la kitaalamu, Mzee," Mwalimu alisema.

"Basi utaalamu huo umetutukana."

Ghala zima likaunguruma. Neno hilo lilikuwa mara kumi na moja kwenye sura, mimi mwenyewe nilihesabu. Profesa alikuwa amemwalika Mzee Komba aende kuzungumza kwenye mkutano wa kumuaga, siku moja kabla kitabu hakijapelekwa kwa mpiga chapa. Lakini Mzee aliteleza kwenye mfereji akavunjika mguu. Mwalimu alikwisha kulitetea neno lile, kwa hiyo Mzee akanitazama mimi.

"Utakwenda wewe, Katibu. Usipokula, sawa. Usipolala, sawa. Lakini bima itoke."

Korogwe hadi Dar es Salaam

Kwenye basi nilikaa na bwana mmoja mchangamfu, muuza vitunguu. Tulipita Segera akiwa ameshanieleza habari za wake zake wote wawili. Akaniuliza, "Na wewe kijana, unaelekea wapi na koti zito hivyo?"

"Kanada."

"Kanada! Unakwenda kufanya nini?"

Nikafikiri jibu fupi. "Nakwenda kusema habari za kuzika."

Tulipofika Chalinze alishuka kununua mahindi, akarudi akakaa kiti cha nyuma kabisa. Nilijiambia kwamba kama sentensi moja tu inamfukuza mtu, hotuba nzima itakuwaje.

Uwanja wa katikati

Ndege ya kwanza ilitushusha Ulaya alfajiri. Ya pili haikuondoka, kwa sababu Toronto kulikuwa na theluji nyingi. Tulisubiri hapo muda wa saa tisa nzima. Nilikuwa na mkate niliopewa angani pamoja na kipande cha jibini kilichonuka kama soksi, nikakiweka mfukoni kwa adabu.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa Bukavu mwenye kitenge cha manjano, anakwenda kwa watoto wake. Aliponisikia nikijisomea karatasi kwa sauti ya chini, aligeuka.

"Mutoto, uko unasali ao uko unasoma?"

"Nasoma, mama. Ni hotuba."

"Ah bon! Weye ni pasteri?"

"Hapana, mama. Ni katibu wa chama cha kuzikana."

Hakuhama. Alifungua mfuko wake, akatoa muhogo uliosagwa na kufungwa kwenye majani, akaukata kwa uzi. "Kula. Hii mikate yabo ni hewa tu." Tulikula na samaki mkavu, na Wazungu wawili wakasogea mbali kwa sababu ya harufu. Nikamweleza kuhusu neno bima. Alitafuna akifikiri.

"Sasa hiyo neno, wewe utaisema mbele ya bantu bengi?"

"Ndiyo shida yangu. Naogopa watu."

"Uko unaogopa bantu, na hauogopi maiti?" Alicheka mpaka akajipangusa macho. "Weye uko kichwa chini miguu juu!"

Tuliposikia ndege yetu ikiitwa alinikabidhi muhogo uliobaki. Sikumwona tena baada ya kushuka, kwa sababu watoto wake walimdaka mlangoni wakamzungusha kama kishada.

Scarborough

Nilipokelewa na Dada Wanjiku, muuguzi wa Kikenya anayefahamiana na Mwalimu. Yeye ndiye angekuwa mkalimani wangu. Anakaa ghorofa ya kumi na nne kwenye jengo moja kati ya mengi yanayofanana, hata siku ya pili niliingia lifti ya jengo lisilo lake na kugonga mlango wa familia ya Wahindi. Walinikaribisha chai. Nilikunywa, kwa kuwa sikujua namna ya kukataa, na Dada Wanjiku akanitafuta saa nzima.

"Lawrence! Nimekutafuta nikadhani umeliwa na theluji!"

Jina langu ni Laurenti, lakini kwake nilikuwa Lawrence tangu mwanzo mpaka mwisho. Binti yake mdogo anasikia Kiswahili chote. Ukimwambia, "Lete chumvi," analeta, ila anajibu kwa Kiingereza. Mimi na yeye tulielewana vizuri kuliko wote, kwa sababu hakuna aliyetarajia mwenzake aongee.

Ugali wa huko unasongwa na unga wa njano wa dukani, unavunjika kama mchanga. Tukiwa mezani nilimpa Dada Wanjiku hotuba yangu aisome.

"Chama cha kuzikana," alisoma. "Aki, kwetu chama ni cha wamama kununuliana sufuria. Sasa nyinyi mnanunuliana majeneza?"

"Hapana, Dada. Tunazikana."

"Sawa, nimeshika. Nitawaambia tu vile umeandika."

Nilipaswa kumwambia hapo hapo kwamba hajashika. Niliona haya. Nikaomba chumvi.

Makaburini

Alhamisi Profesa Rivka alikuja mwenyewe na gari lake. Ni mama mfupi, mweupe kichwani, amevaa viatu vya mpira vya kiume. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akatupeleka mahali ambapo utafiti wake ulianzia.

Makaburi ya Wayahudi wale yamegawanywa kwa malango. Kila lango ni la chama, na juu yake limechongwa jina la mji wa Polandi. Ukipita lango moja, wote waliolala humo walitoka mji mmoja. Kwenye nguzo yamechongwa majina ya viongozi: mwenyekiti, mweka hazina, katibu. Nilisimama mbele ya neno katibu. Alikuwa fundi viatu, Profesa alisema, na alikuwa babu yake.

"Miji hiyo leo haina Myahudi hata mmoja," Dada Wanjiku alitafsiri. "Majina yamebaki hapa kwenye malango."

Upande wa pili walikuwa wanazika. Tulitazama kwa mbali. Ndugu walifukia wenyewe, mmoja mmoja, na kila aliyemaliza hakumpa mwenzake sepetu mkononi. Aliichomeka kwenye udongo, na mwingine akaichomoa. Nilishtuka, maana kwetu pia jembe la kaburini halipokezanwi mkononi. Linawekwa chini, anayefuata analiokota. Na tulipotoka nje ya lango, Profesa alinawa mikono bombani, nami nikanawa bila kuambiwa, kama tufanyavyo kwetu. Akanitazama sana.

Nyumbani kwake alitupa supu ya kuku yenye madonge meupe. Nilidhani ni mayai, nikakata moja kwa uangalifu kutafuta kiini. Yalikuwa ya unga. Alicheka kwa furaha, akaniongeza mawili. Kisha akaweka karatasi za sura yetu mezani na kuuliza swali ambalo nilikuwa nimesafiri mabara mawili kulijibu.

"Anauliza kama kuna kosa lolote," alisema Dada Wanjiku.

Nilitazama karatasi. Nikamtazama mama wa watu, mzee, aliyenipikia. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Hapana, mama. Ni nzuri."

Kwenye treni ya kurudi niliegemeza kichwa kwenye kioo. Dada Wanjiku aliniuliza kama supu imenikataa. Nilimweleza. Alifunga macho.

"Wee Lawrence! Si ungesema tu?"

"Nilishindwa."

"Basi kumebaki Jumapili. Jumatatu kitabu kinaenda. Jumapili ukishindwa, mtakuwa bima mpaka Yesu arudi."

Ukumbini

Ukumbi ulikuwa wa ngazi, watu wamekaa juu kama kwenye uwanja wa mpira, na msemaji yuko chini shimoni. Kwanza walisimama wanafunzi wake wa zamani. Mmoja alieleza jinsi utafiti wa Profesa ulivyomsaidia kuwaelewa Wareno wa mji ule ule, mwingine Wachina, mwingine watu wa visiwa vya Karibi. Profesa alipoanza kazi hiyo, wasomi wenzake walimwambia kwamba habari za Wayahudi ni za Wayahudi, hazimfundishi mtu siasa. Sasa hakuna anayesema hivyo. Watu walipiga makofi, nami nikapiga, karatasi yangu nimeibana kwapani.

Nikaitwa. Nilisoma karatasi yangu taratibu, macho chini. Dada Wanjiku alitafsiri sentensi kwa sentensi. Nilipofika kwenye "Sisi watu wa mkonge tunazikana tangu enzi za baba zetu," ukumbi wote ulicheka.

Nilisimama kama nguzo. Nikamnong'oneza, "Umewaambia nini?"

"Vile umesema! Mnazikana."

"Umesemaje hasa?"

Alifikiri, akajishika mdomo. "Uwi! Nimesema wewe unazika mwenzako, na yeye anakuzika. Wameona ni kama vita."

Bwana mmoja mrefu, miwani imening'inia shingoni, aliinua mkono. Ni mtaalamu wa uchumi, na yeye ndiye aliyemshauri Profesa atumie neno lile. Aliongea kwa upole.

"Anasema hakucheka kwa dharau," Dada Wanjiku alinieleza. "Anasema neno lenu lenyewe limejieleza. Mimi nakuzika leo ili kesho nizikwe. Hiyo ndiyo bima, na bima si tusi."

Watu walikubali kwa vichwa. Profesa naye alikuwa anasubiri. Karatasi yangu haikuwa na sentensi ya kujibu hoja hiyo. Nikaikunja. Niliwaza Mzee Komba na mguu wake juu ya mto, nikasikia joto limepanda kifuani, na nadhani lilikuwa hasira. Sikuwahi kukasirika mbele za watu.

"Dada," nilisema, "tafsiri taratibu. Kwetu alikuwepo mzee mmoja, Mzee Nampoto. Hakuwahi kuchimba kaburi hata moja. Tukienda kuzika, alikaa kilabuni akitutukana. Alisema, 'Mimi nikifa nitupeni kwenye maji machafu ya kiwandani.' Alikufa mwezi wa masika. Tulitoka watu wanane tukachimba kwenye mvua, shimo likajaa maji, tukachota, tukachimba tena. Bima ingemuuliza Mzee Nampoto alitoa nini. Sisi tulimpima urefu tu."

Dada Wanjiku alitafsiri. Hakuna aliyecheka. Nikaendelea, maana niliona nikinyamaza sitaanza tena.

"Niliyemzika hawezi kunizika. Amekwisha kufa. Atakayenizika mimi pengine hajazaliwa. Kwa hiyo kuzikana si mimi na wewe kulipana. Ni kwamba kati yetu sisi, hakuna atakayeachwa juu ya ardhi. Neno bima limeandikwa mara kumi na moja kwenye sura yetu. Wenzangu wamenituma niseme litoke. Alhamisi nilipoulizwa nilisema hakuna kosa. Nilisema uongo kwa sababu ya haya. Mama, nisamehe. Kosa lipo."

Dada Wanjiku alitafsiri mpaka neno la mwisho. Profesa Rivka aliinuka, akajishikiza kwenye meza.

"Anasema kwa wazee wake kuzika kunaitwa wema wa kweli," Dada Wanjiku aliniambia sikioni, "kwa sababu maiti hawezi kukulipa. Anasema aliliandika hilo kwenye utafiti wake wa kwanza kabisa, akiwa msichana. Halafu wasomi wakamwambia bima ndiyo sayansi, akakubali." Aligeuka kumsikiliza tena. "Anasema utafiti wake umetumiwa na watu wengi, na leo ni mara ya kwanza umerudi mpaka mlangoni kwake kumsahihisha."

Profesa aliomba kalamu nyekundu. Alizifungua karatasi za sura yetu hapo hapo mezani, akaniita nisimame kando yake. Akakata neno la kwanza. Akafunua. La pili. Watu wa viti vya mbele walianza kuhesabu kwa sauti, wa juu wakadakia, na lilipokatwa la kumi na moja ukumbi wote ulisimama ukipiga makofi. Mimi nilicheka kwa sauti mbele ya wasomi mia mbili, jambo ambalo mke wa Mzee Komba, ambaye huniita bubu, hataliamini hata akisoma hapa.

Kisha Profesa akanipa chaki. Alitaka neno letu lenyewe liingie kitabuni, kwa Kiswahili, bila kutafsiriwa. Niliandika ubaoni kwa mwandiko wangu wa polepole: KUZIKANA. Nilichukua muda, na hakuna aliyeharakisha. Wakalisoma kwa pamoja, vibaya. Nikawasahihisha. Wakalisoma tena.

Yule mtaalamu wa uchumi alikuja baadaye kunipa mkono.

"Anauliza," alisema Dada Wanjiku, "kweli mlimpima urefu tu?"

"Na upana kidogo. Alikuwa mnene."

Alicheka mpaka miwani ikaanguka.

Nyumbani

Safari ya kurudi nilisinzia njia nzima, sina la kusimulia, ila kwamba Dada Wanjiku alinisindikiza uwanjani na binti yake. Tulipoagana, yule mtoto alisema, "Kwaheri, Laurenti." Mama yake alimkodolea macho. Lilikuwa Kiswahili, na lilikuwa jina langu.

Niliposhuka Korogwe sikukuta mtu stendi. Nikapata lori la mkonge, nikafika kambini saa tisa alasiri, nikaona kwa nini. Kulikuwa na msiba kambi namba tatu, na watu wote walikuwa makaburini. Nilikwenda moja kwa moja na begi langu. Mzee Komba alikuwa amewekewa kiti kando ya shimo, mguu wa plasta umenyoshwa mbele.

"Katibu! Imetoka?"

"Imetoka, Mzee. Yote kumi na moja. Na neno letu limeingia."

Hakunipa pole ya safari. Aliangalia shimoni, ambamo vijana wawili walikuwa wamechoka. "Basi vua koti, shuka."

Nikashuka na shati nililovaa ndegeni. Juu ya kichwa changu nilimsikia Mzee Komba akimtangazia kila aliyekuwa akiwasili, mmoja mmoja, "Imetoka! Bima imetoka!" mpaka shehe akamwomba anyamaze kidogo, maiti amefika.